Ugumu wa Kiasi

Mwalimu anapostaafu hubaki na mali za aina tatu: vitabu vyake, wanafunzi wake waliotawanyika nchi nzima, na gari kuukuu. Vitabu huliwa na mchwa asipoviangalia. Wanafunzi humkumbuka siku wakimkumbuka. Lakini gari halimsahau hata mwezi mmoja; kila mwisho wa mwezi huja na dai lake, na pensheni ni ileile. Katika kurasa hizi nataka kueleza dai moja la gari langu, namna tulivyolitimiza kwa fedha kidogo, na mambo ambayo kipande cha chuma kisichozidi unene wa kidole gumba kilinifanya niyafikiri upya, mimi niliyetumia miaka yangu yote ya kazi kufundisha fizikia, kuongoza shule ya sekondari, na hatimaye kuwafunda walimu vijana chuoni.

Tunaishi, mimi na mke wangu, katika milima ya Usambara, juu ya Soni. Msomaji aliyewahi kufika Lushoto anaijua barabara yetu. Inaanzia Mombo, pale inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, inapanda kwa kilomita zipatazo 33, na mwisho wa safari hiyo mtu huwa amepanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde, na katikati ni lami nyembamba inayojipinda kama nyoka aliyepigwa. Kabla ya kuifikia lami hiyo, sisi tuna kilomita tatu za udongo na mawe kutoka mlangoni petu.

Mke wangu ana maradhi ya sikio la ndani yanayomletea kizunguzungu. Kila mwezi ni lazima tushuke mlima kwenda kliniki mjini Tanga. Gari letu, Toyota Corolla iliyotengenezwa Japani katika miaka ya tisini, lilikuwa limeanza kulala upande kwenye kila kona. Yeye hushika mshikio wa juu kwa mikono miwili na kufumba macho, na tukifika Mombo huwa hoi hata kabla safari yenyewe haijaanza. Mwishowe akasema, kwa ile sauti yake ya upole isiyo na ubishi, kwamba afadhali akose kliniki kuliko kupita tena katika zile kona.

Hapo ndipo jambo la gari lilipoacha kuwa jambo la gari. Mtoto wetu wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, alipiga simu akapendekeza tuliuze, tuongeze kilichobaki cha kiinua mgongo, tununue gari refu la kisasa. Mapendekezo ya watoto yana heshima yake, kwa kuwa hutoka katika mapenzi. Lakini nilimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, kati ya kabati na sanduku, kipi hupinduka upesi ukikisukuma kwa juu?" Akacheka, akanyamaza. Gari refu hubeba uzito wake juu zaidi, nao uzito ukiwa juu hulilaza gari zaidi kwenye kona. Tungetumia akiba yote na kununua ugonjwa uleule kwa bei kubwa.

Nilimwendea fundi wa gereji ya pale Soni, kijana ambaye miaka mingi iliyopita alikaa dawati la nyuma katika darasa langu la fizikia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari linapepesuka kama mlevi. Nitazamie."

"Tutazame wote, Mwalimu. Nisije nikakwambia kitu ambacho hujakiona."

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeitumia methali hiyo darasani mara nyingi kwa maana yake ya kitamathali. Siku hiyo niliitumia kama ilivyo. Katika umri wa miaka 76 nilitandika gunia nikalala chali chini ya gari langu mwenyewe, na kijana akanimulikia tochi.

Chombo alichonionyesha mafundi wetu hukiita stabilaiza. Ni fimbo ya chuma cha springi, imekatiza kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, nayo imekunjwa pande zote mbili ikafanya mikono miwili. Kila mkono umefungwa karibu na gurudumu lake kwa kiungo kifupi kiitwacho linki. Sehemu ya katikati imeshikwa kwenye bodi kwa bushi mbili za mpira. Chombo hiki ni cha zamani kuliko watu wanavyodhani: Mkanada mmoja, Stephen Coleman, alipewa hataza ya fimbo ya namna hiyo mwaka 1919.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama pale gari linapopita juu ya tuta lililonyooka, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake wala haifanyi lolote. Lakini gari likiingia kwenye kona, bodi hulalia upande wa nje. Gurudumu la nje husukumwa juu na la ndani hushuka. Mikono miwili ya fimbo huvutwa pande tofauti, na fimbo husokotwa kama mama asokotavyo nguo kukamua maji. Chuma hakipendi kusokotwa. Hupinga, na katika kupinga kwake huizuia bodi isilale zaidi. Basi fimbo hii husinzia kwenye njia iliyonyooka, na huamka pale tu upande mmoja unapoachana na mwenzake.

Fundi alishika fimbo kwa mkono akaitikisa. Ilicheza ndani ya bushi kama jino la mtoto wa miaka sita. Mpira ulikuwa umeliwa, tundu limekuwa kubwa kuliko fimbo. Linki moja nayo ilikuwa imelegea. Maana yake ni hii: gari lilipoanza kulala, kipande cha kwanza cha mlalo kilipotea bure katika kuziba uwazi huo, na fimbo ilianza kupinga ikiwa imechelewa. Mtu aliyeketi ndani husikia mlalo, kisha mtikisiko, kisha gari likitulia ghafla. Kwa mtu mwenye kizunguzungu, mtikisiko ule ndio adhabu yenyewe.

Nilimwambia fundi kwamba tutakwenda hatua kwa hatua, kama tulivyokuwa tukifanya maabara: badili kitu kimoja, acha vingine vyote vilivyo, kisha pima. Tukibadili vitu vitano kwa siku moja hatutajua ni kipi kilichotusaidia na ni kipi kilichotula fedha bure.

Hatua ya kwanza haikugharimu kitu. Tulipima upepo wa matairi. Kila gari lina kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachosema upepo unaotakiwa. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kwenye kona na kulifanya gari lionekane limelegea hata kama vyuma vyake vyote ni vizima. Tulijaza. Tuliondoa pia gurudumu la akiba lililokuwa limefungwa juu ya paa pamoja na lile kareti la kubebea ndizi. Kilo 40 juu ya paa si sawa na kilo 40 sakafuni.

Hatua ya pili ilikuwa bushi na linki. Hapa nilipata ushauri wa bure kutoka kwa kila aliyepita. Mmoja alisema tuchonge bushi kutoka kwenye tairi kuukuu, mpira uleule wa katambuga. Mpira wa tairi ni mgumu kweli, lakini una nyuzi na hata waya ndani yake. Waya ukigusa fimbo huikwaruza, na mkwaruzo ni mlango wa ufa. Mwingine alisema tuzilainishe bushi za zamani kwa oili ya injini. Oili huufanya mpira uvimbe na kuoza. Tulinunua bushi mpya zenye tundu la kipenyo kilekile cha fimbo, na linki mbili mpya, si moja, kwa sababu linki huzeeka kama mapacha.

Fundi alinifundisha jambo ambalo halimo katika vitabu nilivyofundishia. Ukiinua upande mmoja wa gari kwa jeki, fimbo huwa imesokotwa. Ukilegeza nati wakati huo, chuma kinaweza kuruka na kuumiza mkono. Kwa hiyo aliinua mbele yote, pande zote mbili kwa kimo kimoja, akaliweka gari juu ya stendi imara, wala hakuingia chini likiwa limesimama juu ya jeki peke yake. Msomaji ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hilo.

Tuliporudi barabarani mtikisiko ulikuwa umekwisha. Mlalo ulibaki, lakini ulikuja taratibu, bila kishindo. Mke wangu alishika mshikio kwa mkono mmoja. Niliandika katika daftari: mkono mmoja. Huo ndio ulikuwa ala yangu ya kupimia, wala sijawahi kuwa na ala nyepesi kuisoma kuliko hiyo.

Wengi wangeishia hapo, na wasingekosea. Ninaamini magari mengi yanayoyumba katika nchi yetu hayahitaji fimbo nene. Yanahitaji bushi nzima. Lakini kona za Soni ni nyingi, na mkono mmoja bado ulikuwa juu. Tukaingia hatua ya tatu, ya kuongeza ugumu wa fimbo yenyewe.

Jirani mmoja mchomeleaji alikuja na suluhisho lake: tuchukue kipande cha nondo tukichomelee ubavuni mwa fimbo. Alisema fimbo mbili ni imara kuliko moja. Alisema kwa nia njema, na ni mtu hodari kwa mageti na madirisha. Lakini chuma cha springi si nondo. Uimara wake umetokana na moto uliopimwa: kilipashwa hadi kuiva, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisiwe chepesi kuvunjika. Moto wa kuchomelea huja bila kipimo. Pale unapogusa huacha sehemu ngumu iliyo tayari kupasuka, na kando yake sehemu laini iliyopoteza uspringi. Fimbo ya namna hiyo hukatika siku inapotakiwa zaidi, yaani katikati ya kona. Tulimshukuru, tukamnywesha chai.

Njia nyingine ni kufupisha mkono wa fimbo kwa kutoboa tundu la linki karibu zaidi na sehemu ya katikati. Hesabu yake ni nzuri: ugumu huongezeka kwa kinyume cha kipeo cha pili cha urefu wa mkono. Mkono wa milimita 250 ukiufanya 225, ugumu unapanda kwa asilimia 23 hivi. Fimbo nyingine hutengenezwa na matundu mawili au matatu kwa kusudi hilo. Yetu ilikuwa na moja tu, na kutoboa jingine ni kuondoa chuma pale ambapo chuma kinahitajika, na kuipinda linki ifanye kazi kwa mshazari. Tuliiacha.

Ilibaki njia ya unene. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ni hapa mwalimu mzee alipofurahi. Mwaka 1784 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alichapisha utafiti wake juu ya kusokotwa kwa nyaya, akaonyesha kwamba upinzani wa waya hutegemea kipenyo chake kwa kipeo cha nne. Si mara mbili, si mara tatu. Ni kipenyo mara kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Niliifundisha kanuni hiyo kwa miaka mingi, nikawaona vijana wakiinakili kwa adabu na kuisahau kwa furaha. Sasa ilikuwa chini ya gari langu.

Nilichukua kalipa ya venia nikapima fimbo yetu: milimita 20. Fundi alijua kwamba gari la familia ileile, toleo la injini kubwa zaidi, hutumia fimbo yenye umbo lilelile lakini nene zaidi. Kwa wauza spea za mtumba mjini Tanga tuliikuta moja ya milimita 22 na nyingine ya 24, zote kwa bei moja. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kipeo cha nne cha 20 ni 160,000. Cha 22 ni 234,256. Milimita mbili tu, ambazo jicho halizioni, zinaongeza ugumu kwa asilimia 46. Cha 24 ni 331,776, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Fundi alikuwa amekwisha kuibeba ile ya 24. "Mwalimu, bei ni moja. Kwa nini tusichukue iliyo ngumu zaidi?"

Swali hilo nililisikia chuoni kila mwaka kwa sura nyingine. Vijana wetu walipokuwa wakienda katika mazoezi ya kufundisha walikuja wakiuliza niwe mkali kiasi gani, na kila mmoja alidhani ukali ni kama mshahara, ukizidi ni heri. Nilikuwa nikiwajibu kwa maneno mengi. Laiti ningekuwa na fimbo ile mkononi, ningetumia machache.

Sababu ni hii. Fimbo ya stabilaiza huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kwenye lami laini muungano huo ni neema. Lakini kwenye njia ya mawe, gurudumu la kushoto likigonga jiwe peke yake, fimbo hupeleka sehemu ya kishindo kile kwa la kulia, ambalo halikukosa chochote. Kadiri fimbo ilivyo ngumu ndivyo kishindo kinavyohama zaidi, na kichwa cha abiria hutupwa huku na huku. Nilipata kukaa nyuma ya darasa moja nikimkagua mwanachuo. Mtoto mmoja alipiga kelele, naye mwalimu kijana akaliadhibu darasa zima, watoto 52, kwa kuwasimamisha hadi kengele. Darasa lilinyamaza kweli. Lakini niliziangalia nyuso za watoto wa mstari wa mbele, waliokuwa wakiandika kwa bidii dakika moja kabla, nikaona kitu kinazimika. Jiwe lilikuwa chini ya gurudumu moja. Kishindo kilifika kote.

Sisi tuna kilomita tatu za mawe kila tunapotoka na kila tunaporudi. Nilimwambia fundi airudishe ile ya 24 kwenye rundo.

Kabla ya kulipa tuliikagua ile ya 22 kama mchumba. Tuliisugua kutu tukatafuta nyufa, hasa kwenye makunjo, ambako fimbo nyingi hufia. Tuliilaza juu ya sakafu ya saruji kuona kama mikono yake miwili iko sawasawa. Tulinunua bushi nyingine zenye tundu la milimita 22, kwa sababu fimbo nene katika bushi ya fimbo nyembamba huipasua, na kuitanua kwa kisu ni kurudi kule tulikotoka. Fundi alithibitisha pia kwamba katika gari letu mkono wa chini wa gurudumu unashikwa na vyuma vyake vyenyewe. Yapo magari ambayo fimbo hiyo ndiyo pia inayolishikilia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Katika hayo kubadili fimbo ni kuchezea mahali gurudumu linapokaa, na si kazi ya kubahatisha.

Gharama zote nilizijumlisha, kwa kuwa kichwa cha makala kingekuwa bure bila hesabu. Bushi za kwanza shilingi 16,000. Linki mbili 50,000. Fimbo ya mtumba 40,000. Bushi za pili 18,000. Ufundi 30,000, baada ya fundi kukataa kunitoza zaidi na mimi kukataa kulipa pungufu. Jumla shilingi 154,000. Pensheni iliugua mwezi mmoja, haikufa.

Gari lilibadilika. Kwenye kona bodi ililala kidogo na kusimama hapo, kama mtu aliyeegemea mlango. Mke wangu aliweka mikono yote miwili mapajani. Alipofika Mombo aliomba tusimame anunue machungwa. Nilijifanya nakagua tairi, maana sikutaka aione furaha yangu akaanza kuiangalia njia.

Kwenye kilomita tatu za mawe, hata hivyo, alisema kweli yake. "Mzee, huku pamekuwa pabaya zaidi. Zamani gari lilikuwa likimeza shimo, sasa linalitema." Ndivyo fizikia ilivyosema, naye hakuihitaji kanuni. Tukakubaliana: kwenye lami tutafurahia fimbo mpya, kwenye mawe tutakwenda kwa mwendo wa maharusi. Kilomita tatu zikichukua dakika ishirini, hatuna kengele inayotungoja.

Baada ya miezi miwili fundi, aliyetiwa moyo na mafanikio hayo, alipendekeza tuongeze na fimbo nene ya nyuma. Nilimwuliza itafanya nini. Hapa kuna kosa la watu wengi wanaodhani kwamba kulinyoosha gari ni kulifanya lishike barabara. Fimbo haipunguzi nguvu inayolisukuma gari nje ya kona. Kwa jumla, uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje hubaki karibu uleule. Fimbo huamua tu ni sehemu gani ya uzito huo ibebwe mbele na ipi ibebwe nyuma. Ukikaza mbele, matairi ya mbele huchoka kwanza, na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Dereva huhisi usukani umekuwa mzito wa kutii, naye huondoa mguu kwenye mafuta. Ukikaza nyuma kupita kiasi, matairi ya nyuma huachia kwanza, na gari huanza kugeuka lenyewe. Dereva wa mashindano huipenda tabia hiyo. Dereva wa miaka 76, katika mvua ya masika, juu ya bonde, haitaki. Nyuma tuliiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Kisha nikamwonyesha fundi hesabu ya mwisho, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua gari la kilo 1,200 pamoja na watu wake, kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 40. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, matairi yanapaswa kulivuta kuelekea ndani ya kona kwa kani ya niutoni 3,700 hivi. Kwa kilomita 30 kwa saa, ni niutoni 2,080 hivi. Umepunguza mwendo kwa robo tu, lakini kani imepungua karibu nusu, kwa kuwa mwendo nao huingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili. Hakuna fimbo ya mtumba, wala mpya, inayoweza kufanya hivyo. Na bei yake ni sifuri.

Kijana aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Kwa hiyo Mwalimu, tungepunguza mwendo tu tangu mwanzo?"

La hasha. Mwendo wa polepole haufungi bushi iliyoliwa, na fimbo nzuri haimpi dereva ruhusa ya kukimbia. Fedha niliyolipa ilininunulia utulivu kwa mwendo uleule niliokuwa nikienda siku zote; kama ningeitumia kuongeza mwendo, ningekuwa nimeiuza kliniki ya mke wangu kwa dakika tano. Watu wengi hufanya biashara hiyo bila kujua. Wakitiwa breki nzuri wanachelewa kufunga breki. Wakiwekewa matairi mapya wanaingia kona kwa haraka zaidi. Na hatari inabaki palepale, ila sasa imevaa nguo nzuri.

Mtoto wetu alikuja wakati wa Krismasi, nikampa funguo atuendeshe hadi Mombo na kurudi. Hakusema lolote juu ya kuuza gari. Aliporudi Dar es Salaam alituma fedha, akasema ni za bushi za nyuma zitakapochakaa.

Fimbo ya zamani, ile ya milimita 20, sikuiuza kwa wakusanya vyuma. Niliisafisha, nikaipaka rangi, nikaipeleka katika shule ya sekondari ya kata yetu. Mwalimu wa fizikia, binti mdogo niliyemfunda chuoni katika miaka yangu ya mwisho ya kazi, ameifunga mezani kwa vishikizo viwili. Mwisho mmoja umekazwa, na mwisho wa pili una ndoo. Watoto hutia maji lita moja moja na kupima namna mkono unavyoshuka. Nilikwenda kuwatazama siku moja. Mtoto wa mbele aliuliza kwa nini chuma kinapokunjwa hivyo hakibaki kimekunjwa. Mwalimu hakumjibu upesi. Aliimwaga ndoo, na darasa lote likatazama mkono ukipanda polepole kurudi mahali pake.